Granada, Córdoba na Sevilla siku saba mwezi Desemba: tuanzie wapi, na tiketi za Alhambra tukate lini?

Upanga_Magharibi ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Shule zikifungwa Desemba tunataka kwenda Hispania kuona majengo yaliyoachwa na Waislamu wa Andalusi. Tuko watano kutoka Dar: mimi na mke wangu, watoto wawili (miaka 14 na 9), na mama mkwe wa miaka 68 ambaye goti linamsumbua kwenye ngazi na miteremko. Siku za kutembea ni saba, ukiondoa za ndege.

Lengo kuu ni Alhambra ya Granada na msikiti mkuu wa zamani wa Córdoba. Sevilla tukiipata ni heri. Naomba msaada kwa wanaoyajua haya: tukae mji mmoja tuwe tunakwenda na kurudi, au tuhame mji hadi mji? Tiketi za Alhambra nikate kabla ya viza au baada? Mama atamudu hicho kilima? Na ndani kuna nini hasa cha kutazama, maana sipendi tupite tu tukipiga picha halafu tutoke hatujaelewa kitu.

---

Ramani_na_Dira amejibu:

Mkuu, anza na saa itakayoandikwa kwenye tiketi ya Alhambra, mengine yote yajipange nyuma yake.

Alhambra si jengo moja. Ni kilima kizima: kuna ngome ya askari (Alcazaba), majumba ya wafalme wa ukoo wa Nasr (Palacios Nazaríes), bustani za Generalife upande wa pili wa korongo, na jumba la Carlos V lililoanza kujengwa 1527, miaka 35 baada ya Granada kukabidhiwa kwa Fernando na Isabel, wafalme Wakristo wa Hispania, tarehe 2 Januari 1492. Tiketi ya jumla, ambayo ni takriban euro 20 kwa mtu mzima, inakupa siku nzima humo ndani. Lakini Palacios Nazaríes unaingia kwa saa uliyoichagua tu, na ukipitisha nusu saa imekula kwako. Mlinzi hana mjadala, kwa sababu vyumba ni vidogo na idadi ya watu inahesabiwa kwa kila nusu saa.

Watu wengi huangukia kwenye mitego mitatu. Wa kwanza ni kununua tiketi ya bustani na ngome peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyobaki au ndiyo ya bei nafuu, halafu mtu anagundua mlangoni kwamba majumba hayamo. Hakikisha imeandikwa "Alhambra General". Wa pili ni jina na namba ya pasipoti. Tiketi ni ya mtu, si ya familia, na pasipoti halisi inaangaliwa zaidi ya mara moja ndani ya eneo. Kama pasipoti ya mtoto inakaribia kuisha, ibadilishe kwanza ndipo ununue. Mtoto wa chini ya miaka 12 halipi, ila lazima awe na tiketi yake yenye saa ile ile ya kwenu. Wa tatu ni umbali: kutoka pavilioni kuu ya tiketi hadi mlango wa majumba ni mwendo wa dakika kama 15, na ukiwa na mama hesabu 25. Mtu anafika getini saa nne kamili akidhani amewahi, kumbe saa yake ni hiyo hiyo ya nne.

Kwa Desemba chagua saa nne na nusu au saa tano asubuhi (kwenye tiketi utaona 10:30 au 11:00). Geti hufunguliwa saa mbili na nusu, na jua mwezi huo huchomoza karibu saa hizo hizo, kwa hiyo mapema kuna baridi kali na mwanga hafifu. Majira ya baridi hufungwa saa kumi na mbili jioni. Tarehe 25 Desemba na 1 Januari hakuna kuingia kabisa. Kwepa pia siku zinazozunguka tarehe 6 na 8 Desemba, ni sikukuu za Hispania na wenyewe hujaa kote Andalucía, jimbo lenye miji yenu yote mitatu.

Kwa ajili ya goti la mama: msipande kwa miguu kutoka Plaza Nueva kupitia Cuesta de Gomérez. Njia ni nzuri lakini ni mlima mtupu. Kuna mabasi madogo ya C30 na C32 yanayoanzia katikati ya mji, au chukueni teksi. Mkiwa na tiketi tayari, shukieni Puerta de la Justicia, lango la 1348, badala ya pavilioni kuu. Pale mnapanda kidogo tu, njia ikikata kona ndani ya lango (ilijengwa hivyo ili adui asiingie kwa kasi), mnatokea karibu kabisa na majumba. Malizieni na Generalife, maana iko upande wa pavilioni kuu, na hapo hapo nje kuna basi na teksi za kurudi. Mkifanya kinyume, mama atatembea urefu wote wa kilima mara mbili. Mnara wa Torre de la Vela pale ngomeni mwachieni kijana wa miaka 14, ngazi zake ni nyembamba. Sakafu nyingi ni za kokoto zilizopangwa, kwa hiyo viatu viwe vya soli ya raba. Begi la mgongoni lisizidi sentimita 40 kwa 40.

Sasa cha kutazama. Ukuta wa Nazaríes usome kutoka chini kwenda juu. Chini, hadi usawa wa kifua, ni vigae: kila kipande kimekatwa kwa mkono kutoka kigae cha rangi moja, kikachongwa kingo, kikaunganishwa na vingine mpaka nyota zikajitokeza. Juu yake ni plasta ya jasi, hiyo hiyo mafundi wetu wa dari wanayoiita jipsamu, imechongwa au kumiminwa kwenye kalibu kisha ikapakwa rangi. Sogea karibu (usiguse, mafuta ya vidole yanaiharibu) utaona mabaki ya buluu na nyekundu kwenye vina vya michoro, kwenye sehemu mvua na mikono havikufika. Juu kabisa ni mbao. Dari la Salón de los Embajadores (ukumbi wa mabalozi) lina vipande zaidi ya 8,000 vilivyopangwa kuonyesha mbingu saba. Simameni katikati, muinue vichwa, msiharakishe.

Aliyepita madrasa ana faida kubwa humo. Maneno "Wa la ghaliba illa Allah", hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu, yamerudiwa kila ukuta kwa Kikufi (mwandiko wa Kiarabu wa herufi zenye kona) na kwa mwandiko wa kawaida. Mpe kijana kazi ya kuyatafuta. Akishayatambua mara ya kwanza atayaona kila mahali, hata juu ya vichwa vya nguzo.

Kwenye ua wa Patio de los Arrayanes angalia maji yanavyoingia bwawani. Yanatoka kwenye beseni la mviringo, yanapita mfereji mwembamba taratibu, yanaingia bila kutikisa uso wa bwawa. Hilo ni kusudi: mnara wa Comares, wenye urefu wa mita 45, unatakiwa uonekane mzima ndani ya maji. Upepo ukivuma hutaona, subiri utulie. Maji yote ya kilima yanaletwa na mfereji wa Acequia Real uliochepushwa kutoka mto Darro kilomita kama 6 juu. Bila mfereji ule pasingekuwa na ikulu pale.

Patio de los Leones (ua wa simba), kazi ya sultani Muhammad V karne ya 14, ina nguzo 124 na simba 12 wa marumaru waliobeba beseni. Ukingo wa beseni umechongwa beti za Ibn Zamrak, waziri na mshairi wa sultani huyo. Tazama kwa makini pale nguzo inapokutana na kichwa chake: kuna bamba jembamba la risasi katikati. Granada ni eneo la matetemeko, na madini hayo laini huiachia nguzo nafasi ya kucheza kidogo badala ya kupasuka.

---

Sinza_Kwa_Upendo amejibu:

Naongezea la viza kwa sababu hapo ndipo safari nyingi za Dar zinapokwama.

Usiku wote mtalala Hispania, kwa hiyo ombi ni la viza ya Schengen (ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) kwa ubalozi wa Hispania, na upo hapa hapa Dar. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Usingoje hizo 15, maana uamuzi unaweza kusogezwa hadi siku 45. Kwa safari ya Desemba wekeni miadi Septemba. Ada ni euro 90 mtu mzima, euro 45 mtoto wa miaka 6 hadi 11, kwa hiyo wa miaka 14 analipa kama mkubwa. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 na ifunike siku zote, pamoja na siku ya kutua na ya kuondoka. Kila mmoja ana fomu yake, watoto pia, na vyeti vyao vya kuzaliwa viambatane. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na kurasa mbili tupu.

Kwa mama mkwe, andikeni barua inayoeleza nani anamgharamia, na taarifa ya benki iwe ya huyo huyo mgharamiaji. Kinachoharibu taarifa za benki ni fedha nyingi kuingia ghafla wiki chache kabla ya ombi bila maelezo. Kama umeuza kiwanja au umepokea mafao, ambatanisha hati.

Hoteli chukueni zinazoruhusu kufuta bila malipo mpaka viza itoke.

Tiketi za Alhambra: kwa katikati ya Desemba, siku za kazi, mnaweza kusubiri viza. Mkiangukia wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya nunueni mapema. Kwa wanne wanaolipa mnahatarisha kama euro 80, ambayo si kitu mbele ya nauli za watu watano waliofika Granada wakaishia kutazama kuta kwa nje. Ukikuta siku yako imejaa, rudi kwenye tovuti rasmi mara kwa mara, tiketi zilizorudishwa huibuka. Jihadhari na tovuti za wauzaji wa kati zinazojifanya rasmi, bei yao inaweza kuwa mara mbili au tatu.

Kadi nayo ni kikwazo. Baadhi ya benki zetu hufunga malipo ya mtandaoni ya nje mpaka uombe yafunguliwe, na ukomo wa siku unaweza kuwa mdogo. Piga simu benki siku moja kabla, na laini inayopokea namba ya uthibitisho iwe mkononi. Dirisha la malipo lina muda wake. Ujumbe ukichelewa, tiketi zinarudi sokoni na unaanza upya.

---

Fundi_Chokaa amejibu:

Kwenye suala la kukaa mji mmoja, sikubaliani na mpango wa kulala Granada siku zote saba. Reli ya Granada hadi Córdoba ni kati ya saa moja na nusu na mbili kwenda tu. Mkirudi siku hiyo hiyo mnakuwa mmetumia saa nne vitini, na mama amepanda na kushuka vituo vinne. Hameni: Granada siku tatu, Córdoba mbili, Sevilla mbili. Córdoba hadi Sevilla ni dakika 45 kwa treni ya kasi. Mnaweza kutua Málaga (mkipitia Istanbul inawezekana), mkachukua basi la Granada la kama saa mbili, na mwisho mkarudi Málaga kutoka Sevilla kwa treni ya saa mbili hivi. Málaga inawaepusha kwenda Madrid na kurudi.

Msikiti wa Córdoba ulianzishwa na mtawala Abd al-Rahman I mwaka 785, ukapanuliwa na waliomfuata mpaka waziri mkuu Almanzor mwishoni mwa karne ya 10. Mwaka 1236 mji ulitekwa na jengo likawa kanisa kuu, na kuanzia 1523 kanisa refu lilijengwa katikati yake. Zimebaki nguzo 856.

Watu hupiga picha matao mekundu na meupe bila kujiuliza kwa nini yamepandishana mawili mawili. Nguzo zilitolewa kwenye majengo ya Warumi na Wavisigothi, nazo ni fupi. Paa likikaa moja kwa moja juu yake, ukumbi mkubwa namna ile ungekuwa pango la giza. Mafundi wakaweka tao la chini la kukaza nguzo zisiyumbe, kisha nguzo ya mraba juu yake na tao la pili la kubeba paa. Kwa kuwa nguzo hazikulingana urefu, sehemu ya zamani utaona nyingine zimezamishwa sakafuni na nyingine vichwa vyake ni vikubwa kufidia. Inama uangalie miguu ya nguzo, ndipo utakapoona ufundi wenyewe.

Rangi nazo zina siri. Sehemu za mwanzo, wekundu ni matofali na weupe ni mawe, vikipishana. Ukivuka kwenda upande wa mashariki, nyongeza ya Almanzor, yote ni mawe na wekundu umepakwa rangi tu. Kazi ilikuwa ya haraka na eneo ni kubwa. Nyongeza hiyo ndiyo pia iliyofanya mihrabu isiwe tena katikati: upande wa kusini kulikuwa na mto, wakapanua pembeni. Mihrabu ya khalifa al-Hakam II ina mozaiki (picha za vipande vidogo vidogo) za dhahabu zilizotengenezwa kwa msaada wa dola ya Bizanti, na nyuma ya tao lake si kishubaka kama misikiti yetu, ni chumba kidogo kizima chenye dari la umbo la kombe.

Kuna kuingia bure asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa mbili na nusu, kwa muda wa saa moja tu. Kwa Desemba sishauri. Jua ndiyo kwanza linachomoza, ndani ni kiza, na mtatolewa kabla hamjafika mihrabuni. Lipeni euro chache mwingie saa tano.

Madinat al-Zahra, mji wa kifalme wa Abd al-Rahman III ulioanzishwa 936, uko kilomita 8 nje. Ni magofu ya mteremkoni yenye ngazi nyingi. Kwa goti la mama ningeyaacha, baba aende na kijana nusu siku.

---

Upanga_Magharibi:

Nashukuru sana wakuu. Tumekubaliana kuhama. Je, swala na chakula? Na mama anauliza baridi.

---

Nuru_ya_Ilala amejibu:

Ndugu yangu, ndani ya msikiti wa zamani wa Córdoba Waislamu hawaruhusiwi kuswali, na walinzi huingilia mara moja mtu akianza. Waambie watoto na mama mapema ili wasifedheheke mbele za watu. Granada kuna msikiti mkuu mpya uliofunguliwa 2003, uko Albaicín, mtaa wa kale wa kilimani, ubavuni mwa uwanja wa San Nicolás, na bustani yake inatazamana na Alhambra. Teksi au basi la C31 linafika juu huko, mama asipande vichochoro. Katikati ya Desemba adhuhuri ni kama saa saba na robo mchana, magharibi karibu saa kumi na mbili.

Chakula kinataka umakini kuliko mnavyodhani, kwa sababu nguruwe anajificha. Salmorejo, supu baridi ya nyanya, humwagiwa vipande vya jamón (paja la nguruwe lililokaushwa) juu. Maharage mabichi hupikwa nayo. Croquetas nyingi zina jamón ndani. Granada ukiagiza kinywaji unaletewa kitafunwa cha bure usichokichagua, kwa hiyo sema kabla: "sin jamón, sin cerdo", yaani bila jamón, bila nguruwe. Desemba ndiyo msimu wa mantecados na polvorones, biskuti laini zilizojaa kila duka, na watoto watazitaka. Nyingi ni za mafuta ya nguruwe. Soma karatasi: ikiandikwa "manteca de cerdo" (mafuta ya nguruwe) rudisha, ikiandikwa "aceite de oliva" (mafuta ya zeituni) pekee chukua. Salama zaidi ni samaki wa kukaanga, mchicha na dengu wa Sevilla (espinacas con garbanzos, ukiuliza kwanza), biringanya kwa asali Córdoba, na mikahawa ya Wamoroko ya mtaa wa Calderería Nueva pale Granada. Majiko hufungwa alasiri, na chakula cha usiku ni kuanzia saa mbili na nusu au tatu. Mtoto wa miaka 9 hatasubiri, shibeni mchana.

Baridi: Granada iko mita zaidi ya 700 juu ya bahari chini ya milima ya theluji, usiku wa Desemba hukaribia nyuzi sifuri. Sevilla ni nafuu. Jaketi zito la mtumba la Karume linatosha kabisa, ila mama apate soksi za sufu na glavu, maana ndani ya majumba ya Nazaríes ni wazi kwa upepo na sakafu ni marumaru.

---

Ramani_na_Dira:

Mawili ya mwisho. Malazi Granada yasiwe juu Albaicín, hata kama picha zinavutia. Vichochoro ni vya kokoto, magurudumu ya mabegi yanakwama, na magari hayafiki kwenye milango mingi. Tafuteni karibu na Gran Vía au Plaza Isabel la Católica, ambako mabasi ya C30, C31 na C32 yanapita.

Sevilla, mkiwa Real Alcázar (ikulu ya kale), simameni mbele ya uso wa jumba la Pedro I, la 1364. Alikuwa mfalme Mkristo, rafiki wa Muhammad V wa Granada, na vigae vya buluu na vyeupe juu ya mlango wake vimeandikwa maneno yale yale ya "Wa la ghaliba illa Allah" kwa Kikufi. Kijana ayatafute mwenyewe kabla hujamwonyesha. Tiketi za hapo nazo ni za saa maalumu, kata mtandaoni wiki mbili tatu kabla. Giralda, mnara wa adhana uliokamilika 1198 na sasa una kengele, hupandwa kwa miteremko 35 isiyo na ngazi mpaka karibu na kileleni. Mwambieni mama ajaribu mitano ya kwanza aone goti linasemaje. Dirisha la kwanza la kuchungulia mji halipo mbali, na kurudi chini ni kwa njia hiyo hiyo.